Safu ya "Aliyemleta": Hotuba kuhusu Huduma za Karibu kwa Watu Wenye Ulemavu na Walezi Wao

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakuu wa idara za afya, ustawi wa jamii na elimu mliohudhuria, ndugu zangu wenye ulemavu ambao ndio wenye shughuli hii, na walezi wenzangu mlioacha watu nyumbani ili mfike hapa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Niliombwa nizungumzie huduma na misaada inayopatikana karibu na watu wenye ulemavu pamoja na wale wanaowatunza. Ningeweza kuwasomea orodha ya ofisi na saa zake za kazi, lakini orodha ya namna hiyo hubandikwa ukutani ikasomwa bila kuhitaji msemaji. Nitaanza na daftari. Kwa miaka tisa nilimpeleka mama yangu mzazi kliniki baada ya kiharusi kumpoozesha upande wa kulia, na kila tulipofika mapokezi karani alifungua daftari kubwa lenye safu zilizochorwa kwa rula: tarehe, jina, umri, anakotoka, tatizo, na pembeni kabisa, safu nyembamba kuliko zote, iliyoandikwa "aliyemleta". Jina langu liliandikwa humo, na kwa kuwa halikuenea, aghalabu liliishia katikati. Katika miaka hiyo tisa hakuna siku ambayo mtu aliuliza kama huyo aliyemleta amelala, mgongo wake unaendeleaje, au kazi aliyoiacha asubuhi ile nani anamfanyia. Na mimi wakati huo nilikuwa mtumishi wa ustawi wa jamii. Nilikuwa nikiwahudumia watu kwa fomu ambazo nazo hazikuuliza swali hilo, wala sikuwahi kuona pengo lake mpaka nilipohamia upande wa pili wa meza.

Hoja yangu basi ni moja. Karibu kila huduma tunayoiita ya watu wenye ulemavu imejengwa juu ya saa za mtu mwingine ambazo hakuna anayezihesabu, na mara nyingi huduma hizo hukwama pale saa hizo zinapokwisha, wala si pale dawa au kifaa kinapokosekana.

Tunazungumzia watu wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani asilimia 16 ya wakazi wote wa dunia, au mtu mmoja katika kila sita. Wengi huikataa takwimu hii wakiisikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtaani kwao hawaoni mmoja katika kila sita. Sababu mojawapo ni jinsi tunavyouliza. Ukibisha hodi ukauliza, "Je, nyumba hii ina mlemavu?", utajibiwa hapana, hata kama bibi hasikii tena na kijana wa kati hawezi kupanda ngazi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa takwimu walioundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, wanaojulikana kama Kundi la Washington, walitunga maswali mafupi sita yasiyotaja ulemavu kabisa: je, una ugumu wa kuona hata ukivaa miwani, wa kusikia hata ukitumia kifaa, wa kutembea au kupanda ngazi, wa kukumbuka au kuzingatia jambo, wa kujihudumia, kama kuoga na kuvaa, wa kuelewa wengine au kueleweka nao. Mtu hujibu kwa kiwango: hakuna ugumu, upo kidogo, ni mkubwa, au siwezi kabisa. Ofisi yoyote ya mtaa inaweza kuyatumia maswali haya kesho asubuhi. Mimi ningeongeza la saba, la nyumbani: na wewe unayemsaidia, unamsaidia kwa saa ngapi?

Sasa kuhusu huduma zenyewe. Kwa kawaida mtu huanzia kwa daktari au muuguzi anayetambua hali, akapewa rufaa kwenda kwa wataalamu wa utengamao, yaani wale wa tiba ya viungo, wa mafunzo ya shughuli za kila siku, na wa matamshi na umezaji. Kutoka hapo huja vifaa saidizi, kisha ustawi wa jamii kwa ajili ya utambulisho na posho pale zinapokuwapo, kisha shule au kazi, kisha usafiri na makazi. Kwenye karatasi njia hii imenyooka. Kwa mguu, kila hatua ni jengo jingine, siku nyingine, foleni nyingine, na maelezo yaleyale yanayorudiwa kwa mtu mpya ambaye faili halijamfikia. Nimewahi kukutana na mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo ambaye alikuwa ameeleza jinsi mtoto alivyozaliwa mara nyingi mno, hata sasa anaieleza kwa sauti moja, kama mtu anayesoma risiti. Afisa mpya alidhani hana uchungu na mwanawe.

Naomba nikae kidogo kwenye kifaa kimoja, kiti mwendo, kwa kuwa kinaonyesha mambo mengi kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 mwongozo unaotaja hatua nane za kumpatia mtu kiti: rufaa na miadi, tathmini, kuandikiwa kiti, kugharimia na kuagiza, kukiandaa, kumkalisha na kukirekebisha kimkae, kumfundisha mtumiaji na anayemsaidia, na mwisho ufuatiliaji pamoja na matengenezo. Sisi mara nyingi tunafanya hatua moja: tunakabidhi. Kuna hafla, kuna picha, kuna viti ishirini vya saizi moja kwa watu ishirini wa miili tofauti. Mtu mwembamba akikaa kwenye kiti kipana huegemea upande mmoja, uti wa mgongo hupinda, uzito wote huangukia tako moja, na kama hakuna mto unaofaa wa kukalia, kidonda cha mgandamizo huanza pale ambapo mwenyewe huenda hahisi. Kidonda hicho kwa juu huonekana kama wekundu mdogo au, kwenye ngozi nyeusi, kama doa lililokoza lenye joto. Ndani kinaweza kuwa kimeshafika karibu na mfupa. Wapo waliokufa kwa kidonda kilicholetwa na kiti cha msaada.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walichapisha ripoti inayosema kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na karibu bilioni moja hawakipati, huku katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata wakiwa wachache kama asilimia 3 ya wenye uhitaji. Takwimu hizi hutumika sana kuomba viti vingi zaidi, na viti vingi zaidi vinahitajika kweli. Lakini ninaposikia idadi ya viti vilivyogawiwa, huwa nauliza vingapi vina mto, na nani atabadilisha tairi la mbele likikatika. Fundi wa baiskeli aliyefundishwa siku mbili ana faida kwa mtumiaji wa kiti kuliko ghala lililojaa viti vipya.

Nirudi kwenye kidonda, kwa kuwa huko ndiko mlezi anakoonekana. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani huelekezwa ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili. Muuguzi huliandika hilo kwa mstari mmoja: "ageuzwe kila saa mbili". Ni maelekezo sahihi na sina ugomvi nayo. Ila mlezi akimlaza mtu saa nne usiku, basi ataamka saa sita, saa nane na saa kumi, na saa kumi na mbili ataanza siku. Akifanya hivyo mwezi mzima, hakuna usiku mmoja atakaokuwa amelala zaidi ya saa mbili mfululizo. Hospitalini kazi hiyo hufanywa na watu wa zamu tatu. Tunapomruhusu mgonjwa kwenda nyumbani tunaikabidhi kwa mtu mmoja, kwa sentensi moja, na hatumwulizi kama nyumbani kuna wa pili. Hilo ndilo lililonifika mimi. Wiki moja nilishikwa na homa kali, nikapiga simu kwenye ofisi iliyokuwa ikimhudumia mama kueleza kwamba siwezi kuinuka. Sauti ya upole ikaniuliza, "Mgonjwa yukoje?" Nikasema mgonjwa ni mimi. Tukanyamaza wote wawili, kwa sababu hakukuwa na kisanduku cha kuandikia jibu hilo.

Kuna mambo ambayo yangeweza kunisaidia kabla ya homa ile, na mengine hayana gharama kubwa. La kwanza ni kufundishwa mwili. Nilimwinua mama kwa kumkumbatia kifuani na kumvuta, kama wanavyofanya karibu wote wanaojifunza peke yao, mpaka mtaalamu wa tiba ya viungo aliponiona akashtuka. Akanionyesha kwa muda usiozidi nusu saa: msogeze kwanza mpaka ukingoni mwa kitanda, nyayo zake zikanyage sakafu nyuma kidogo ya magoti, mwambie ainamishe kifua mbele, zuia goti lake dhaifu kwa goti lako, kisha mhesabie ili ainuke pamoja nawe, na wewe ukunje magoti usiinamishe mgongo. Mama alisimama kwa nguvu zake mwenyewe za mguu wa kushoto, ambazo mimi kwa kumbeba nilikuwa nikizipoteza bila kujua. Tulikuwa mwaka wa tatu. Miaka miwili ya maumivu ya mgongo ilikuwa bei ya nusu saa ambayo haikuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Mafunzo kwa walezi yapo, tena yaliyopangwa vizuri. Shirika la Afya Duniani lina programu ya stadi za malezi kwa familia zenye watoto wadogo wenye ucheleweshaji wa ukuaji au ulemavu, ikiwa na vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na huendeshwa na watu wasio lazima wawe wataalamu bingwa. Ninachokipenda kwenye programu hiyo ni kwamba ndani yake kuna nafasi ya kuzungumzia hali ya mlezi mwenyewe. Kwa wanaotunza watu wenye ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, shirika hilohilo lina mafunzo mengine ya kujisomea. Idara ya afya ya mahali inayotaka kuanza haina haja ya kubuni upya.

Ni haki pia tutaje jambo lililofanywa vizuri zamani. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi, ulienea mpango wa utengamao katika jamii, ambao nia yake ilikuwa kuutoa utengamao kwenye hospitali kubwa za mbali na kuuleta pale watu wanapoishi. Mwongozo wake wa mwaka 2010 uliupanua ukagusa afya, elimu, riziki, maisha ya kijamii na uwezeshaji. Watoto wengi wamefunzwa kukaa, kula na kwenda chooni kwa sababu mfanyakazi wa kujitolea alifika mlangoni kwao. Ninao mashaka na neno moja tu, nalo ni "jamii". Tuliposema jamii itamtunza, tulimaanisha nani? Nimetembelea nyumba nyingi, na katika nyingi kati ya hizo jamii ilikuwa mwanamke mmoja: mama, dada, mke, mkwe, au binti aliyeacha shule.

Kwamba kazi hii hutazamwa kama wajibu wa asili wa mwanamke si dhana yangu. Iliwahi kuandikwa katika sheria. Uingereza ilianzisha mwaka 1976 posho ya wale walioacha ajira ili kumtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa, lakini wanawake walioolewa hawakustahili kuipata, kwa hoja kwamba wangekuwa nyumbani hata hivyo. Mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliacha kazi ili kumtunza mama yake aliyehamia kwake, akanyimwa posho, akashtaki. Mwaka 1986 Mahakama ya Haki ya Jumuiya ya Ulaya iliamua kwamba sharti lile ni ubaguzi wa kijinsia. Miaka kumi ilipita kati ya sheria ya kwanza na hukumu, na muda wote huo wanawake wale walikuwa wakigeuza watu vitandani. Nawaomba maafisa wenzangu mwangalie fomu zenu kwa jicho hilohilo: je, kuna mtu ambaye fomu yenu inadhani yupo tu nyumbani?

Kufikia hapa huenda ndugu zangu wenye ulemavu mmeanza kuona kama hotuba imewahama. Mna haki. Mama yangu hakupenda hata neno "mlezi". Alisema, kwa ulimi wake mzito baada ya kiharusi, kwamba kulelewa ni kwa mtoto, na yeye ndiye aliyenilea mimi. Nalitumia neno hilo leo kwa kuwa ndilo lililozoeleka, lakini pingamizi lake nalikubali, kwa sababu lina historia ndefu nyuma yake. Huko Berkeley, Marekani, mwaka 1972, kundi la watu wenye ulemavu, akiwamo Ed Roberts ambaye alipooza kwa polio na kulala usiku ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua, walifungua kituo cha kuishi kwa kujitegemea kilichoendeshwa na wenye ulemavu wenyewe. Kwa maelezo yao, kujitegemea hakukuwa na maana ya kufanya kila kitu bila msaada. Kulimaanisha kuamua mwenyewe nani akusaidie, lini na kwa namna gani. Sweden ikaja kuwapa watu wenye ulemavu mkubwa haki ya msaidizi binafsi kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1994, ambapo mtu anaweza kumwajiri msaidizi wake mwenyewe. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008, unataja katika ibara ya 19 haki ya kuishi ndani ya jamii na kuchagua mahali pa kuishi na mtu wa kuishi naye.

Maslahi ya anayetunzwa na maslahi ya anayetunza hukaribiana sana, lakini si kitu kimoja, na mtoa huduma anayeyachanganya huwaumiza wote wawili. Mfano mdogo wa kila siku ni huu: muuguzi anamtazama mlezi na kuuliza, "Anasikia maumivu wapi?", ilhali mwenye maumivu amekaa hapo hapo na ana masikio. Mfano mkubwa zaidi ni wa mwanamke kiziwi anayekwenda kliniki na binti yake wa miaka kumi amfasirie. Binti analazimika kumwuliza mama yake habari za hedhi na mimba zilizoharibika, kisha kumpa majibu ya daktari ambayo mtoto hapaswi kuyabeba. Mkalimani wa lugha ya alama angempa mama siri yake na kumrudisha binti darasani. Huduma hiyo moja ingewahudumia watu wawili kwa haki mbili tofauti. Kwa hiyo ninaposema mlezi ahesabiwe, sisemi asemezwe yeye badala ya mwenye ulemavu. Ahesabiwe kando yake, na ikibidi mzungumze naye chumba kingine, kwa sababu kuna mambo ambayo mke hatayasema mbele ya mume wake aliyepooza, na mume naye ana yake ambayo hatayasema mbele ya mke.

Huduma inayowagusa wote wawili kwa karibu zaidi, na ambayo ndiyo adimu kuliko zote, ni mapumziko ya mlezi: mtu mwingine anashika nafasi kwa saa kadhaa, siku moja, au wiki, nyumbani au kwenye kituo. Mkataba ule, katika ibara ya 28, unaitaja pamoja na mafunzo, ushauri na msaada wa fedha kwa watu wenye ulemavu na familia zao wanaoishi katika umaskini. Si anasa iliyobuniwa na walezi wavivu. Hata hivyo, mahali ambapo imeanzishwa, waendeshaji hushangaa kuona walezi hawaji. Mimi sishangai. Nilipewa nafasi ya siku mbili nikaikataa, kwa sababu yule aliyekuja alikuwa mgeni, hakujua kwamba mama akifumba macho mara mbili anasema ndiyo, na kwamba maji matupu humpalia lakini kinywaji kizito kidogo hupita salama. Nilihisi kama ninaambiwa nimwache kwa mtu asiyejua lugha yake.

Mapumziko yanayofanikiwa huanza na saa moja, mtu yuleyule kila wiki, mlezi akiwa bado nyumbani. Na huwa na karatasi. Nawasihi walezi mlioko hapa muiandike hata kama hamna wa kumpa leo, kwa kuwa siku mtakapougua hamtakuwa na nguvu ya kueleza. Andikeni jinsi mtu wenu anavyosema ndiyo na hapana. Andikeni dawa, kipimo na saa, na dawa ambayo ilimdhuru. Andikeni anavyokaa wakati wa kula, kwamba awe wima na abaki wima kwa takriban nusu saa baada ya kumaliza, kama ana shida ya kumeza. Kama ana kifafa, elezeni degedege lake la kawaida linavyokuwa na linachukua muda gani, na kwamba likizidi dakika tano ni dharura ya kuita msaada. Asiwekewe kitu kinywani, alazwe ubavu. Andikeni anachokiogopa. Andikeni pia kinachomfurahisha, maana karatasi nyingi nilizoziona zimejaa hatari tupu, na anayezisoma hupata hofu ya kumgusa mtu ambaye kumbe anapenda utani.

Kuhusu kudai huduma ofisini, nitasema maneno machache kama mtu aliyekaa pande zote mbili. Tunza faili lako mwenyewe nyumbani, lenye nakala za kila rufaa na kila cheti, kwa sababu faili la ofisi hupotea na lako halipotei. Kila unapotoka, andika tarehe, jina la uliyezungumza naye na alichokuahidi. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uulize rufaa hukatwa wapi. Afisa anayejua kwamba ataandika husoma upya kanuni zake kabla ya kukataa. Na unapoeleza hali, eleza siku mbaya. Wengi wetu kwa adabu huvaa vizuri, tunamwogesha mtu wetu, tunasema "tunashukuru, tunaendelea", kisha tathmini inaandikwa kwamba familia inamudu. Kushukuru ni tabia njema, ila si jibu la swali la tathmini.

Miundombinu nitaigusa kwa sentensi mbili tu, kwa kuwa wahandisi wana vipimo vyake tayari, kikiwamo kile kinachotumika sana cha njia ya mteremko isiyozidi kimo cha sentimita moja kwa kila urefu wa sentimita kumi na mbili. Vipimo hivyo havisaidii kitu ikiwa njia inaishia kwenye mlango wenye kizingiti, au ufunguo wa choo kipana uko kwa mlinzi aliyekwenda kula.

Ombi langu kwa wakuu wa idara waliomo humu ni dogo kiasi kwamba naona haya kulisafiria. Fomu zenu za mapokezi ziwe na ukurasa wa mlezi, unaojazwa kwa idhini ya mwenye ulemavu na kwa idhini ya mlezi mwenyewe, wenye maswali manne: unasaidia kwa saa ngapi, usiku unaamka mara ngapi, afya yako ikoje, na ukishindwa kesho nani atashika nafasi yako. Jibu la swali la mwisho likiwa "hakuna", faili hilo lihamie siku hiyohiyo kwa mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu, ambaye kazi yake ni kuunganisha ofisi zote ili familia isizunguke. Haihitaji jengo jipya. Inahitaji afisa mmoja aondolewe kazi nyingine, na hilo najua ni gumu kuliko jengo, kwa maana jengo lina wafadhili.

Tulijaribu jambo hili katika ofisi yetu kabla sijastaafu, kwa daftari la kawaida na rula. Safu ya "aliyemleta" tuliipanua ikawa pana kama ile ya jina, tukaipa kichwa kipya, "anayemsaidia na hali yake". Wiki ya kwanza karani alilalamika kwamba foleni imekuwa ndefu, kwa kuwa kila aliyeulizwa hali yake alianza kulia kabla ya kujibu. Tukaweka kiti cha pili mbele ya meza yake. Hadi wakati huo kulikuwa na kimoja tu, na mlezi alikuwa akisimama.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakalimani wa lugha ya alama wamepokezana mara mbili tangu nilipoanza na mikono yao imechoka, kwa hiyo ninaishia hapa ili tuingie kwenye maswali. Naomba kwa ruhusa yako wale walioacha mtu nyumbani wapewe nafasi ya kuuliza kwanza, ili anayehitaji kuondoka aondoke.